Mkaidi Anavuta Kulia

Jumatatu, 13 Januari

Mpendwa Fundi Redio,

Usishtuke kuiona barua hii. Hakuna aliyeugua wala aliyekufa. Ingekuwa hivyo ningepiga simu. Mama anakusalimu na anauliza kama unakula. Nimemwambia unakula, kwa hiyo kama huli anza leo ili nisiwe muongo.

Mdogo wangu, nimejitia kitanzi mwenyewe. Shule yetu imepewa roboti. Ni kidude cha magurudumu mawili, kina jicho moja kwa chini na mikono miwili ya plastiki mbele. Tumeazimwa na ofisi ya elimu kwa ajili ya mashindano ya shule za wilaya, mwezi wa nne. Wanafunzi ndio wanaotakiwa kukiandikia programu: kitoke kwenye kona, kiende kuchukua kiboksi, kikipeleke kwenye mraba mwekundu, kigeuke na kurudi kilikotoka. Mkuu wa shule alipouliza katika chumba cha walimu nani atalibeba jukumu hilo, wote walianza kusahihisha madaftari kwa bidii ambayo sijawahi kuiona. Nami mdomo wangu unaujua. Nikasema nitalibeba mimi.

Mkuu akasema sawa, lakini chumba atakachonipa ni kile cha zamani cha kufulia nguo, cha tangu shule ilipokuwa na bweni, na kwamba amekitengea viti vibovu. Tusipofika fainali za mkoa, roboti inarudi ofisini, kikundi kinafungwa, na chumba kinakuwa stoo. Wenzangu wakacheka. Nikapandwa na hasira, nikasema mbele ya wote: "Tukirudi mikono mitupu, viti vyenu nitavibeba mimi mwenyewe, kimoja kimoja, hadi humo ndani."

Sasa hapa ndipo ninapokuhitaji. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Roboti sijawahi kuishika. Na wanafunzi nimewaambia ninazijua. Walikuwa wananitazama kwa macho ya matumaini, ningefanyaje? Nifundishe wewe kwanza, nami nitawafundisha wao kesho yake.

Dada yako

*

Ijumaa, 24 Januari

Dada,

Mwambie Mama ninakula, na kwamba nimenenepa.

Nimecheka mpaka watu wa ofisini wakageuka. Mtu aliyenichapa kwa kufungua redio ya Baba leo ananiomba nimfundishe roboti. Ningekuwa na roho mbaya ningekukumbusha kila kofi. Lakini wewe ndiye uliyenilea na kunisomesha, kwa hiyo nitakukumbusha mawili matatu tu.

Somo la kwanza. Roboti ni mtiifu kuliko mtoto yeyote uliyewahi kumfundisha, na hapo ndipo taabu ilipo. Atafanya ulichosema. Ulichokusudia hakijui. Kabla hujawagusisha hicho kidude, fanya hivi: chagua mwanafunzi mmoja awe roboti, mfunge macho kwa kitambaa, wenzake wamwandikie amri kwenye karatasi, wewe umsomee. Asiongeze akili yake hata kidogo. Utaona mwenyewe.

Somo la pili nimelifungia humu kwenye karatasi tatu. Ni programu kamili. Ofisini kwetu, pamoja na zile mashine za kufungasha sabuni, tuna kiroboti kama hicho chenu cha kuchezea wakati wa chakula, kwa hiyo nimeijaribu juu ya meza yangu ya kazi. Kimekwenda kama uzi. Wape wainakili ilivyo. Gurudumu la kushoto nguvu mia, la kulia mia na mbili. Usiulize kwa nini, ndivyo kinavyokwenda.

Na usiwe na wasiwasi na viti. Hutabeba hata kimoja.

Mdogo wako, Fundi Redio

*

Jumatatu, 10 Februari

Mpendwa Fundi Redio,

Nimefanya kama ulivyosema. Nilimchagua mvulana mmoja tunayemwita Breki kwa sababu kila kazi anaisimamisha katikati. Tukamfunga macho. Wenzake wakaandika amri yao ya kwanza kwa majivuno: "Nenda mbele." Nikasoma. Breki akaenda mbele. Hakuna aliyekuwa ameandika aende mpaka wapi. Akaenda, akaenda, akaligonga kabati, na akiwa amelibana kabati kwa tumbo akaendelea kupiga hatua palepale. Mkuu wa shule alikuwa anapita dirishani. Alisimama, akatazama, akaondoka.

Lakini siku hiyo walielewa jambo ambalo ningelifundisha mwezi mzima. Yuko msichana mmoja tunayemwita Swali, na jina hilo hakupewa bure. Alinyanyua mkono akasema, "Kwa hiyo Mwalimu, akikosea yeye, tumekosea sisi?" Nikamwambia ndiyo. Akaandika hilo kwenye kiganja chake.

Sasa habari mbaya. Programu yako tumeinakili neno kwa neno. Tumeiweka kwenye roboti, tumemweka kwenye kona yake sakafuni, tumebonyeza. Anaanza vizuri, halafu taratibu anajivuta kulia, anajivuta, mpaka anaupiga busu ukuta wa mlangoni. Tumerudia mpaka betri ikazimika. Kila mara kulia. Wanafunzi wamempa jina, Mkaidi, na jina limekwisha kumganda.

Itazame tena programu yako. Kuna mahali umekosea.

Dada yako

*

Jumatano, 19 Februari

Dada,

Programu haina kosa. Niliposoma barua yako nilikwenda moja kwa moja kwenye meza yangu nikaijaribu tena, mbele ya mwenzangu wa ofisini ili niwe na shahidi. Uzi mtupu.

Ninyi mmenakili vibaya. Ni kawaida kwa wanaoanza, wala si aibu. Mtu anaruka mstari, au anaandika sifuri moja badala ya mbili. Kaa na hao watoto, mpitie karatasi zangu pole pole, kwa kidole, kama vile unavyowafundisha wa darasa la kwanza. Na mkishaona kosa, msianze kubuni vitu vyenu. Acheni programu ilivyo. Hii ndiyo kazi yangu, Dada, ninalipwa kwa ajili yake.

Mdogo wako

*

Alhamisi, 27 Februari

Ndugu yangu,

Barua yako imefika. Nimeisoma mara moja, imetosha.

Tulizipitia karatasi zako kwa kidole kabla hujatuambia. Kusoma kwa kidole nilikufundisha mimi, jikoni, ukiwa umekalia kopo la unga.

Usisumbuke kutuma nyingine. Mama hajambo.

Mwalimu

*

Alhamisi, 6 Machi

Kwa Mjomba wa Roboti,

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa dada yako, yule anayeitwa Swali. Nakuita mjomba kwa sababu Mwalimu ni kama mama yetu. Anwani yako ninaijua kwa kuwa mimi ndiye ninayetumwa posta. Mwalimu hajui kwamba ninakuandikia. Nimeona aibu kidogo, lakini nimeandika.

Mwalimu aliingia darasani siku moja uso umekunjamana, akaziweka karatasi zako kwenye mkoba, akasema: "Haya, tunaanza upya. Tutaandika ya kwetu. Nami niwaambie ukweli, roboti sizijui, nimekuwa nikijifunza jioni na kuwafundisha asubuhi." Halafu Breki akasema, "Mwalimu, tulijua, ulikuwa unasema kidude." Tukacheka wote, na yeye akacheka mpaka akavua miwani. Tangu siku hiyo tunajifunza pamoja na ni raha zaidi.

Tumeandika programu yetu. Magurudumu yote mawili tumeyapa nguvu mia, kwa sababu hatukuona sababu ya kulipendelea moja. Bado Mkaidi anavuta kulia. Basi tukaongeza mstari unaosema kila baada ya hatua chache akate kushoto kidogo. Sasa ananyooka. Wenzangu wamefurahi na wamesema tumemaliza. Mimi sijafurahi sana. Nikiulizwa na majaji kwa nini tuliandika mstari huo, nitajibu kwamba tuliona unasaidia. Hilo si jibu.

Kwa nini anavuta kulia? Mjomba, ukijua niambie. Halafu, samahani kwa kusema, tangu ile barua yako Mwalimu hasemi tena "mdogo wangu aliniambia". Zamani alikuwa anasema kila siku.

Wako mtiifu, Swali

*

Ijumaa, 14 Machi

Swali mpendwa,

Marahaba. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, hasa pale mwisho. Nilimwandikia dada yangu kama bosi anavyomwandikia kibarua. Nitalirekebisha mimi mwenyewe, lakini nipe muda nitafute maneno. Kwa sasa hii ibaki kati yetu.

Swali lako ni zuri kuliko programu yangu. Kitu kinachovuta upande mmoja lazima kiwe na kinachokivuta. Tutafute kimoja kimoja. Kwanza badilisheni magurudumu, la kulia liende kushoto na la kushoto kulia. Akianza kuvuta kushoto, mwizi ni gurudumu. Akiendelea kulia, gurudumu halina hatia. Kisha fanyeni hivyo hivyo kwa mota. Kisha jaribuni na betri iliyojaa na iliyochoka. Msibadilishe vitu viwili kwa wakati mmoja, mtashindwa kujua kipi kilichosaidia.

Niandikie utakachokiona, hata kama ni kidogo, hata kama unadhani ni upuuzi.

Mjomba wa Roboti

*

Jumatatu, 24 Machi

Kwa Mjomba wa Roboti,

Shikamoo. Tumefanya yote. Magurudumu hayana hatia. Mota hazina hatia. Betri haina hatia. Breki amesema basi mwenye hatia ni Mkaidi mwenyewe, ndivyo alivyozaliwa.

Lakini kuna kitu nimekiona. Akienda kuchukua kiboksi anavuta kulia. Akigeuka kurudi, anavuta kushoto. Tulidhani amebadilisha tabia kwa kuwa hataki kurudi nyumbani. Kwa hiyo programu yetu ina mistari miwili ya kumtengeneza: wa kwenda unamkata kushoto, wa kurudi unamkata kulia. Sasa anakwenda na kurudi bila kugusa kitu. Ijumaa alifanya hivyo mfululizo mbele ya Mkuu wa shule. Mkuu alisema "mh", na Mwalimu anasema "mh" ya Mkuu ni kama makofi ya mtu mwingine.

Hata hivyo ameshaleta viti vibovu vya kwanza, vimepangwa barazani nje ya chumba chetu, vinatusubiri. Mwalimu anavipita bila kuvitazama.

Mashindano ni Jumamosi ya tarehe tano, mwezi wa nne. Tunaondoka siku moja kabla, asubuhi. Tuombee.

Swali

*

Ijumaa, 4 Aprili

Dada yangu,

Naandika nimesimama, kwenye kaunta ya mabasi ya vifurushi. Nilikuwa nje ya mji kwa wiki nzima, tunafunga mashine za mteja, na leo nimerudi nikakuta barua ya Swali mezani. Ndiyo, tumekuwa tukiandikiana. Nigombeze baadaye.

Roboti yenu haivuti kulia. Inavuta ukutani. Akienda, ukuta wa mlangoni uko kulia kwake. Akirudi, uko kushoto. Anateremka, Dada. Sakafu yenu imeinama. Hicho ni chumba cha kufulia, kilijengwa kiiname ili maji yakimbilie mlangoni. Tangu mwezi wa kwanza uliniambia ni chumba cha kufulia, nami nilisoma nikapita.

Kesho mtashindania juu ya meza ya majaji, na meza hiyo bila shaka itakuwa imelala sawa. Ile mistari miwili itamtupa chini. Itoeni.

Nimekupigia simu, imezimwa. Nimepiga shuleni, akapokea Mkuu mwenyewe, akasema mmeondoka asubuhi. Nikamwomba awatumie ujumbe kwamba sakafu ya darasa imeinama. Akaniuliza mimi ni nani hata niseme shule yake imeinama. Nikamweleza. Akasema majengo yake yamekaguliwa, akakata.

Karani hapa anasema kifurushi kitafika kesho mchana. Kitachelewa, najua. Naandika hivyo hivyo, kwa sababu kuna neno jingine ambalo halina kuchelewa. Hamkunakili vibaya. Mliniambia mlichokiona kwa macho yenu, nami nikayaamini macho yangu yaliyokuwa mbali. Nisamehe, Dada.

Mdogo wako

*

Jumapili, 6 Aprili

Fundi Redio, mdogo wangu wa pekee,

Keti kwanza. Kama umeketi, simama, kwa sababu habari hii haifai kusikilizwa umeketi.

Simu yangu ilizimika njiani, na chaja niliisahau juu ya kabati, lile lile la Breki. Barua yako nimeikuta leo. Kwa hiyo jana asubuhi niliingia ukumbini sijui lolote, nimejipaka mafuta, nimevaa lile gauni la bluu, nimejaa tele. Ukumbi mkubwa, mapazia mazito, meza ndefu ya majaji imetandikwa karatasi nyeupe, kamba pembeni ya kututenga sisi walimu. Shule nyingine zimekuja na fulana zinazofanana. Wetu walikuwa na sare za shule, ila Breki alikuwa amechomekea, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Raundi ya kwanza ilikuwa ya majaribio. Mkaidi akawekwa kwenye kona. Swali akabonyeza. Akaenda kidogo, akakata kushoto. Akakata kushoto tena. Nikasema moyoni sasa atavuta kulia, sasa atavuta. Hakuvuta. Aliendelea kukata kushoto kwa adabu zote, kama alivyoamriwa, mpaka ukingoni mwa meza, akateremka. Breki alimdaka hewani. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Breki alimaliza jambo alilolianza.

Watu walicheka. Niliviona vile viti barazani, kimoja kimoja. Nilijiona nikivibeba na chumba kizima cha walimu kimetoka kutazama. Lakini kilichoniuma zaidi ni nyuso za wale watoto. Tulikuwa na dakika chache kabla ya raundi inayohesabiwa. Majaji wakaniruhusu niwasogelee kwa muda mfupi, mradi nisiguse kompyuta.

Breki akasema tuongeze mstari wa kumkata kulia. Tumezoea, akivuta huku tunamvuta kule. Nami, nakuambia ukweli, mkono wangu ulikuwa umeshaingia kwenye mkoba. Karatasi zako zilikuwemo. Sikuzitupa hata siku ile niliyokuandikia kwa hasira. Nikazitoa. Nikasema, "Tutumie za mjomba wenu. Yeye anasema zinakwenda kama uzi."

Swali alikuwa ameitazama meza muda mrefu mpaka nikafikiri ameganda. Halafu akachukua chupa yake ya maji, akailaza juu ya meza kwa ubavu, akaiachia. Chupa ikatulia. Akaigeuza upande wa pili, akaiachia. Ikatulia.

Akasema, taratibu kabisa, "Mwalimu, zamu yangu ya kupiga deki ni Ijumaa. Nikimwaga maji pale dirishani, yanakwenda yenyewe mlangoni. Huwa siyasukumi."

Hatukuelewa. Akasema, "Mkaidi hajawahi kuvuta. Darasa letu ndilo limelala upande. Ile mistari miwili tulikuwa hatumtengenezi yeye, tulikuwa tunaitengeneza sakafu. Na sakafu tumeiacha nyumbani."

Mdogo wangu, fikiria. Miezi yote hiyo tunafundisha roboti kuishi kwenye chumba cha kufulia.

Breki akasema basi na hizi za Mjomba tuziweke, meza imenyooka, zitafaa. Swali akazichukua, akazipitia kwa kidole. Akafika mahali akasimama. Akasema, "Hapa ameandika kushoto mia, kulia mia na mbili. Nikiulizwa na majaji kwa nini, nitasema nini?" Nikamwambia uliniandikia nisiulize. Akanirudishia karatasi. "Basi tutumie yetu. Hii nawajibika nayo kila mstari."

Nikasema sawa. Sikumbuki kama nimewahi kutamka neno zito zaidi ya hilo. Wakafuta mistari miwili, hawakuandika hata mmoja, muda ukawa umekwisha, nikarudi nyuma ya kamba.

Raundi ya pili. Majaji wakatangaza kwamba wamekisogeza kiboksi, kila timu ipime na kubadilisha namba zake. Hapo ndipo ukumbi ulipochangamka. Kulikuwa na mwalimu mmoja pembeni yangu aliyeanza kuwapigia watoto wake ishara za mikono mpaka jaji akamwomba akae. Wetu walipima kwa rula, wakabishana kwa kunong'ona, wakabadilisha namba moja, wakabonyeza.

Mkaidi alikwenda. Nakuapia, alikwenda kama mtu anayejua anakokwenda. Akakibeba kiboksi, akakifikisha kwenye mraba mwekundu, akageuka, akarudi, akasimama kwenye kona yake. Hakuna aliyepiga makofi, maana watu walikuwa bado wanasubiri aanguke. Halafu ukumbi mzima ukainuka.

Raundi ya tatu akarudia yale yale. Jaji mkuu, mama mmoja mwenye sauti nzito, alimwita Swali akamuuliza mbona programu ya kwanza ilikuwa na mistari miwili ambayo sasa haimo. Swali akamjibu, "Ilikuwa inarekebisha sakafu ya darasa letu, siyo roboti. Hapa haina kazi." Yule mama akavua miwani, akawaita majaji wenzake, akamwambia arudie. Akarudia. Wakamwomba arudie tena kwa kipaza sauti ili ukumbi wote usikie.

Sisi ndio wa kwanza, Fundi Redio. Wa kwanza wilaya nzima. Fainali za mkoa tunakwenda. Nimelia mbele za watu na sijali.

Sasa sikiliza kituko. Tumerudi leo. Tumemkuta Mkuu wa shule siku ya Jumapili, suruali ameikunja hadi magotini, ameshika ndoo, chumba chetu kimelowa chote. Alikuwa anataka kukuthibitishia kwamba shule yake haijainama. Alimwaga ndoo ya kwanza dirishani, maji yakaenda mlangoni. Akamwaga ya pili. Ya tatu. Tulipofika alikuwa ametulia tu anayatazama. Swali akamwonyesha kombe. Mkuu akalitazama kombe, akaitazama sakafu, akaenda barazani, akanyanyua kiti kibovu kimoja kila mkono, akaondoka navyo. Nikamwambia nimsaidie. Akasema, "Hapana Mwalimu. Wewe ulisema utaviingiza. Vya kutoa ni vyangu." Alisema hivyo mbele ya wanafunzi.

Kuhusu neno lako ambalo halina kuchelewa, halikuchelewa. Nilikuwa nimekwisha kukusamehe pale nilipozitoa zile karatasi. Njoo tule pamoja kabla ya fainali. Mama anasema atakuona mwenyewe kama umenenepa.

Dada yako

*

Jumatatu, 7 Aprili

Kwa Mjomba wa Roboti,

Shikamoo. Mwalimu ameshakueleza yote, sitarudia. Amenigombeza kidogo kwa zile barua za siri, halafu akaninunulia kalamu. Leo darasani amesema "mdogo wangu aliniambia" mara nyingi sana.

Nina swali moja. Zile karatasi zako, gurudumu la kushoto mia, la kulia mia na mbili. Mwalimu anasema meza ile ilikuwa imelala sawa kwa hiyo zingekwenda vizuri, na kwamba nilikuwa mkali bure. Labda. Lakini nimefikiri. Kama roboti yako ina magurudumu sawa na ya Mkaidi, kwa nini la kulia linahitaji nguvu zaidi? Wewe uliipima roboti. Meza yako umewahi kuipima?

Laza chupa. Usiisukume.

Swali

*

Jumatano, 16 Aprili

Swali mpendwa,

Marahaba. Nimesoma barua yako mbele ya wenzangu, nikacheka, nikawaambia, "Watoto bwana!" Halafu nikanywa maji, nikailaza chupa.

Ikabiringika mpaka dirishani, ikaanguka.

Meza hii nimeifanyia kazi tangu nilipoajiriwa. Kila kiroboti kilichopita hapa kilivuta kulia kidogo, nami kila mara nilikiongezea zile mbili za juu, bila kuuliza, nikaamini ndivyo vinavyokwenda. Tena nilikuwa navijaribu safari ya kwenda tu, kurudi nilivibeba kwa mkono. Nimechukua kipima usawa cha ofisi kuhakikisha. Imeinama. Kama siku ile mngezitumia karatasi zangu, Mkaidi angekata kushoto taratibu mpaka ukingoni, na leo dada yangu angekuwa anabeba viti kwa sababu yangu.

Nilianza kuandika hapa chini: tafadhali usimwambie Mwalimu. Nimeufuta mstari huo. Mwambie. Msomee barua hii darasani, kwa sauti, na Mkuu akiwepo. Mwambie Breki aandae mikono, safari hii nakuja mwenyewe Ijumaa ya wiki ijayo, zamu yako ya deki, na ndoo ya kwanza nitaimwaga mimi.

Kisha utanifundisha, kuanzia mstari wa kwanza.

Mjomba wako